Galaksi ya Dada

Fundi Miwani alikuwa na jicho la kuona kasoro. Lenzi yenye mkwaruzo mwembamba kama unywele haikupita mkononi mwake. Kwa hiyo dada yake mkubwa, mwalimu wa jiografia aliyeachishwa kazi na macho, alipotamani wapige wenyewe picha ya galaksi iliyo jirani na yetu kabla hajapofuka, kazi ya kuchagua vifaa alimwachia yeye. Ugonjwa ulikuwa nyuma ya jicho, na huko miwani haifiki.

Jioni, akishafunga duka, walikaa jikoni kwa dada, simu katikati ya vikombe, wakisoma habari za vifaa. Upesi wakajifunza kwamba kikubwa si darubini, ni kitako kinachoibeba. Mwanga wa mbali ni hafifu. Kamera hukaa wazi dakika nzima, na dunia haisimami kuingoja. Kitako kisipozunguka taratibu kuzifuata nyota, zinageuka mistari.

"Hiki kidogo kinabeba kamera yako na lenzi yake," dada alisema, pua ikikaribia kugusa kioo cha simu. "Kwa kuanzia kinatosha."

"Upepo ukipiga kitatikisika."

"Mdogo wangu, mchagua jembe si mkulima."

"Nataka nikuonyeshe kitu safi, dada."

Dada akacheka, akamwongezea chai, nyingine ikamwagika kwenye sahani. Wote wawili walijifanya hawajaona.

Fundi akapata kitako kizito kinachouzwa. Akagundua darubini inayokifaa ina kasoro ya rangi. Akapata darubini nyingine; kamera ikamtia shaka. Galaksi ikazama na msimu wake, mvua zikaziba anga. Dada akaacha kuuliza, naye akadhani ni subira.

Anga lilipotakata na galaksi kurudi, Fundi aliacha kuchagua, akanunua kitako kile kidogo cha mwanzo. Alikwenda peke yake nje ya mji, mbali na taa, kwa sababu dada alikuwa hawezi tena kushuka ngazi bila kushikwa mkono.

Picha ilitoka. Asubuhi alimpelekea imechapishwa kwenye karatasi kubwa. Dada aliipokea, akaielekeza dirishani, akaisogeza usoni, akaigeuza.

"Iko wapi?"

Fundi akamshika kidole, akakiweka katikati.

"Ikoje?"

Fundi, ambaye kutwa nzima huwauliza watu ipi iko wazi zaidi, hii au hii, aliinamia karatasi. "Kama moshi," alisema. "Katikati kuna weupe. Kama moshi uliolala ubavu."

"Moshi," dada alirudia. Kidole chake kilizunguka pale pale, kikitafuta zaidi.

"Nitapiga nyingine, dada. Kubwa zaidi. Kile kitako kizito bado kinauzwa."

"Ya nini?" Alisema kwa upole, kama mgeni anayekataa sukari. "Hukukosea. Ulitaka kizuri tu."

Bora angemtukana. Alikaa pale mpaka saa ya kufungua duka ikapita, akimtazama dada akipapasa meza kutafuta pa kuiweka karatasi.