Kilemba cha Genoveva

Mwaka 2004, majira ya kupukutika kwa majani, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na kazi yangu ilikuwa kuwaogesha wazee katika nyumba moja ya kutunzia wasiojiweza huko Columbia, jimbo la Maryland, Marekani. Kabla ya hapo nilikuwa mkunga kwetu Tanga kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa kumi na miwili kati ya hiyo nilifundisha wauguzi. Maryland haikutaka habari za miaka hiyo. Ilitaka leseni, na mtihani wa leseni ulikuwa umekwisha kunishinda mara moja.

Mwanangu Fahmi, niliyeishi kwake Lanham, alinishauri niende katika Chama. Alikiita hivyo tu, kana kwamba duniani hapakuwa na chama kingine. Kilikuwa cha wauguzi na wakunga wa Afrika Mashariki, na kilikutana Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi katika ukumbi wa chini wa kanisa. Nilidhani ni mahali pa kula pilau na kusengenyana. Pilau ilikuwapo, na kusengenyana kulikuwapo. Lakini Chama kiliwazika waliofia ugenini, kilisomesha mayatima wa wanachama, na muuguzi aliyesinzia zamu aliitwa mbele ya wazee wake akaulizwa kabla mwajiri hajamwuliza. Zaidi ya yote, kililea. Aliyeingia bila leseni aliitwa mwanagenzi, akakabidhiwa mlezi wa kumfundisha hadi afaulu. Akifaulu, mlezi alimvika joho la buluu lenye bitana nyekundu, kama yale tuliyovaa zamani siku ya mahafali. Ndipo mwanagenzi naye alipotoa kilemba: dhiraa nne za bafta nyeupe alizozitia pindo kwa mkono wake mwenyewe, akamfunga mlezi wake kichwani mbele ya watu wote. Ada hiyo waliileta wanachama wa pwani, kwa kuwa kwetu fundi haachani na mwanafunzi wake bila kilemba. Na sharti lilikuwa moja: asiyetoa kilemba hakuruhusiwa kulea.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kiprotich, Mkenya, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwenye kicheko cha kutikisa meza. Alisoma jina langu, kisha la mlezi wangu.

"Genoveva Laurean."

Mwanamke mrefu akasimama. Nilimtambua kwa mabega kabla ya uso. Mwaka 1983 alikuwa mwanafunzi wangu, msichana mwenye haya aliyetoka Bukoba, na kitanda alichokitandika wodini kilikuwa na mkunjo mmoja. Nilimtandikisha upya mara tisa, wagonjwa wakitazama. Mara ya saba, machozi yalipoanza kumtoka, nilimwambia: "Mikono yako ni ya kupalilia migomba, si ya kupokea watoto." Kwa miaka ishirini na mmoja maneno yale hayakunijia hata siku moja. Pale ukumbini yalinijia yote, pamoja na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu.

"Shikamoo, Sista," akasema.

"Marahaba."

"Jumamosi saa tatu asubuhi, nyumbani kwangu. Usichelewe, Sista." Akatabasamu. "Wewe ndiwe uliyetufundisha kutochelewa."

Tulisomea jikoni kwake. Alilaza mto mezani akaufunika shuka. Huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa wetu. Pembeni aliweka kisahani kitupu na bakuli la buni zilizokaushwa, zile wanazotafuna watu wa kwao. Hata leo nikinusa buni, narudi katika jiko lile, theluji imerundikana dirishani, na kidole chake kirefu kinaniashiria nianze.

"Mgonjwa huyu alipasuliwa jana. Analalamika maumivu. Unafanya nini kwanza?"

"Nampa dawa aliyoandikiwa."

"Umekosa."

"Nimekosa nini, na daktari ameandika?"

"Hujamwuliza anaumwa wapi. Hujatazama kidonda."

"Nimekitazama, mwanangu! Mimi hutazama huku natembea."

"Mtihani hauyaoni macho yako, Sista. Wala mikono hauioni. Sema." Akatia buni moja kisahanini. "Upya."

Nikasema upya, na safari hii nikapata. Akatia buni ya pili. "Upya."

"Si nimepata?"

"Upya."

Aliponiacha nipumue, nilihesabu buni kisahanini. Zilikuwa tisa.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Fahmi, "Analipiza kisasi."

"Anakufundisha, Mama."

"Analipiza, na anatabasamu."

Ilikuwa hivyo kila Jumamosi. Swali moja, buni tisa. Sikuacha kwenda, kwa maana nilitaka leseni kuliko nilivyotaka heshima; lakini kila buni iliyodondoka niliisikia kama kofi. Alinipikia chai, alinifungia ndizi za kupeleka nyumbani, akanisindikiza hadi garini akinishika mkono nisiteleze, na mimi nilihesabu buni tu.

Mwezi wa Aprili mwaka 2005 nilifaulu. Nilinunua bafta siku iyo hiyo, nikakaa dirishani kuitia pindo. Nilimaliza upande wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nilipofika wa nne, niliuona ukumbi mzima, nami nimesimama nikimfunga kilemba aliyekuwa akinirudishia aibu yake, buni kwa buni. Tangu lini mwalimu akampa mwanafunzi wake kilemba? Nikachomeka sindano kitambaani, nikakitia katika droo.

Siku ya kuvikwa, Genoveva alinitia joho mabegani, akaunyoosha mkunjo wake, kisha akabaki mbele yangu akingoja. Watu wote walingoja.

"Kilemba hakijakamilika," nikasema. Haukuwa uongo.

Mzee Kiprotich akakohoa. Genoveva akainamisha kichwa kidogo. "Sina haraka, Sista," akasema.

Nilipata kazi ya uuguzi katika wodi ya wazazi, na mshahara wake haukuwa haba. Lakini katika Chama nilikuwa mtu wa kukata keki. Wanagenzi waliketi na walezi wao, nami niliwasikia wakijibu vibaya meza ya pili, ulimi ukiniwasha. Nilizaliwa nifundishe. Nyumbani nilimfundisha mjukuu wangu kufunga bendeji. Alinielewa vema, akanijibu kwa Kiingereza kwamba amechoka. Miaka miwili na nusu ikapita hivyo. Genoveva hakunidai hata kwa jicho. Alinisalimu kila mwezi, "Shikamoo, Sista," na mimi niliitikia nikitazama keki.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2007, baada ya mkutano, nilimpa lifti mwanagenzi mpya aitwaye Nkatha, kijana wa Meru, msema sana. Tulikuwa hatujayaacha hata maegesho alipoanza.

"Mama Mwatumu, huyo mlezi wangu ataniua! Kila swali mara tisa. Ukikosa, tisa. Ukipata, bado tisa. Nimeota kahawa wiki mzima."

"Wiki nzima," nikasema. "Mlezi wako ni nani?"

"Si ni Genoveva! Ati anawafanyia hivyo wote, tangu aanze kulea. Nilimwuliza, mbona tisa, si kumi ama tano? Akaniambia alifunzwa hivyo na sista mmoja wa Tanga. Alimtandikisha kitanda mara tisa mpaka akalia."

Nilisimama kwenye taa nyekundu, usukani nimeukamata kwa mikono miwili.

"Na alimlaani sista huyo?"

"Kumlaani? Mama, anamsifu mpaka tunachoka! Ati siku hiyo ndio alijua kazi hii huwezi kuachia mara ya nane, lazima itoke sawa. Ati sista alimwambia mikono yake ni ya shamba, na hiyo mikono ya shamba ikapokea watoto elfu mbili kule kwao, na hakuna mama alimpoteza kwa uzembe. Anasema tukimaliza, tumshukuru huyo sista, sio yeye."

"Alikutajia jina lake?"

"Amekataa. Anasema mwenyewe hapendi makelele. Mama... taa imekuwa kijani."

Magari ya nyuma yalikuwa yakipiga honi kwa hasira. Nilimfikisha Nkatha kwake, nikamwombea heri, nikarudi nyumbani moja kwa moja. Sindano ilikuwa pale pale nilipoichomeka, imeacha doa dogo la kutu. Nilishona upande wa nne. Pindo likapinda, nikalifumua, nikashona tena.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba niliingia ukumbini nimevaa joho langu. Sikwenda kwenye keki. Nilikwenda mbele, na Mzee Kiprotich aliyekuwa akisoma taarifa akainua miwani.

"Mama Mwatumu, kuna neno?"

"Lipo. Genoveva, njoo uketi."

Akaja. Nilimwekea kiti mwenyewe. Watoto waliokuwa wakikimbizana kwenye ngazi wakaja kutazama.

"Mwaka 1983," nikasema, "nilimwambia binti huyu kwamba mikono yake si ya kupokea watoto. Niliyasema mbele ya watu, kwa hiyo nayafuta mbele ya watu. Nilikosa. Kisha alinifundisha kama nilivyomfundisha, nikamdhania kisasi. Nikakosa mara ya pili."

Genoveva hakuinua uso. "Sista, hiki si kilemba cha ukoka?" akauliza kwa sauti ndogo, na mabega yake yakatikisika, sikujua kwa kilio au kwa kicheko.

"Kishike uone uzito wake."

Nilianza kumfunga. Vidole vyangu vilivyowahi kuzungusha vichwa vya watoto gizani, mafuta ya taa yalipotuishia, vilishindwa na dhiraa nne za bafta. Nilipomaliza, Genoveva akajitazama katika kioo cha dirisha.

"Kimelala kushoto, Sista."

"Binti wewe," nikasema.

"Upya," akasema.

Mzee Kiprotich akaipiga meza kwa mkono akicheka. "Ai, Mama! Hapa tutaondoka kweli?"

Nikakifungua. Kutoka meza ya nyuma Nkatha akahesabu, "Mara ya pili!" na ukumbi mzima ukamfuata, nami sikuondoa mikono yangu kichwani pa Genoveva mpaka niliposikia tisa.