Kipande Kisichotiwa Kitu

Mwaka ule serikali ilipoondoa ruzuku ya mbolea, mwanangu Teodori alikuja hapa kwangu Izia, hata kuketi hakuketi.

"Mama, mfuko wa mbolea siku hizi haushikiki. Kuna mwenye malori analitaka shamba hili ajenge ghala la mahindi. Tuuze."

Shamba lilifyekwa na marehemu baba yake. Nikamwambia, "Ngoja nivune mara moja. Binti mmoja wa chuo kikuu cha kilimo ameomba kufanyia majaribio yake hapa. Shamba likishindwa, uza, nami sitafungua mdomo."

Tukakubaliana hivyo.

Binti mwenyewe aliitwa Luciana, mtoto wa watu wa Kizwite, alikuwa anasoma Morogoro. Alikuja na kamba, vijiti na daftari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Kaa."

Alipomaliza ugali akanigawia shamba vipande vinne vilivyo sawa. Kipande cha pili kitiwe mbolea ya dukani, kiasi kamili. Cha tatu kiwe na intumba peke yake, yaani vile vilima vyetu Wafipa vya kufukia majani yaoze. Vilima hivyo nilikuwa navyo tangu mwaka wa nyuma, na maharage yake nilikwisha kula. Cha nne kiwe na intumba na mbolea kidogo tu, robo ya ile ya cha pili.

"Na hiki cha kwanza, hapa njiani?"

"Hicho palilia tu, bibi, usikitie kitu. Ndicho kitakachotupa ukweli wa vingine."

Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Mvua zikaja. Vipande vitatu vikasimama, cha kwanza kikawa cha manjano kama mgonjwa wa nyongo. Na njia ile ndiyo ya kanisani. Jumapili moja Rhoda, tunayeimba naye kwaya, akasimama kabisa.

"Marsiana! Siku hizi unalima kwa macho?"

Wenzake wakacheka mpaka kona. Sikuimba vizuri siku ile. Kwetu mwanamke anaweza kuambiwa mengi akanyamaza, lakini kuitwa mvivu wa shamba, hapana.

Jirani yangu Masanja, aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, ana zizi limejaa. Asubuhi nne mfululizo nilibeba samadi kwake kwa kikapu.

"Mama, yote hiyo unapeleka wapi?"

"Kwenye mchicha."

"Mchicha huo una ukubwa wa tembo," akasema, akaendelea kukamua.

Kipande cha kwanza kikaamka. Rhoda akapita, safari hii bila kusimama, nami nikaimba.

Siku ya kuvuna, Luciana alipima kwa debe, Teodori na Masanja wakitazama. Cha pili kilitoa debe saba. Cha tatu, tano. Cha nne, saba kasoro kidogo. Cha kwanza, sita.

Luciana akarudia kupima. Sita.

Teodori akapiga makofi. "Mama! Kumbe udongo huu unatoa bila kitu! Siuzi. Kesho namwambia yule bwana atafute kwingine."

Neno nililolingojea mwaka mzima hilo hapo. Masanja akatazama mawingu. Luciana naye akafungua daftari, akainamisha kalamu. Nikaiona ile sita ikitoka pale ikienda Morogoro, ikirudi kwa bwana shamba, watu wa uwanda mzima wakiambiwa pandeni tu, msitie kitu. Halafu njaa.

"Usiandike, mwanangu. Nilikitia samadi."

Teodori akavua kofia. "Mama, kwa nini?"

"Watu walikuwa wananicheka."

"Basi shamba limeshindwa, nitauza. Mwenyewe ulisema."

"Nilisema."

Luciana hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulitia kiasi gani, bibi?"

"Vikapu ishirini na viwili, kwa hiki hapa. Wiki ya tatu baada ya kupanda, pembeni ya shina, si juu yake."

Akakitazama kikapu, akacheka. "Ulihesabu! Hiki basi ni kipande cha tano, ambacho chuo hakikukifikiria. Ila naomba msimu mmoja tena, nirudie vyote sawasawa. Na kosa ni langu. Mgeni angesahau aibu hiyo, lakini mimi Mfipa nakuachiaje shamba baya njiani?"

Teodori alikuwa bado anazitazama zile debe sita. "Samadi unayo nyingi?" akamuuliza Masanja.

"Kaka, ng'ombe hawana likizo."

Teodori akavaa kofia. "Msimu mmoja. Mwenye malori atangoja."

Msimu uliofuata tulilima vipande vitano, na Luciana akachomeka kibao mbele ya kile cha njiani, herufi kubwa nyeusi: UVIVU HUU NI WA CHUO KIKUU.

Nani apite asisimame? Walisimama wa Milanzi, wa Kizwite, hata wachuuzi wa dagaa waliotoka ziwani. Wakicheka kwanza, wakiuliza baadaye, nami ninawatembeza kipande kwa kipande. Rhoda alikuja na kikapu chake kabisa, akipime kwa changu. Kabla ya mavuno, nyumba kumi na moja zilikuwa na zamu zizini kwa Masanja, na wanawe walianza kuisomba samadi kwa mkokoteni na kuiuza.

Kile cha kwanza sikukigusa. Kilinyauka mbele ya macho yangu, mkono ukiniwasha, nikavumilia.

Tulipopima, intumba na mbolea kidogo vikatoa debe saba kamili, samadi sita na nusu. Cha kwanza kilitoa debe mbili, tena za mahindi yaliyosinyaa.

Nilikuwa sijawahi kufurahia mahindi mabaya kiasi kile. Luciana akaandika. Teodori akachota punje za ile debe ya mwisho, akazigeuzageuza kiganjani, akaniambia, "Mama, mwenye malori atafute kwingine. Mwakani mimi nafukia majani kule kwangu, na kipande kimoja nakiacha bila kitu. Kile kibao utaniazima?"