Kibali cha Dada

Ifahamike kwa wananchi wote, walio ndani na nje ya mipaka, kwamba usalama wa taifa uliwahi kuwa mashakani. Mashaka yenyewe yalitokea sebuleni, kwenye kochi ambalo mguu wake mmoja ni tofali.

Hapo alikaa Dada, fundi wa mitambo ya mawasiliano, mikono mapajani kama anayesubiri sindano. Miaka mitatu alifunga nyaya nje ya chumba cha rada. Sasa nafasi ya ndani ilikuwa yake, mradi apate kibali cha usalama. Mbele yake alikaa afisa wa upekuzi, fomu mkononi.

"Umeandika huna deni," alisema afisa. "Hapa pana mkopo wa simu. Miezi saba haujalipwa."

"Mkopo? Wangu mimi?"

"Namba yako, jina lako."

"Afande, haki ya Mungu, sijawahi kukopa hata kiberiti!"

"Sikiliza, binti. Deni peke yake halikunyimi kibali. Wapo kwetu wanaodaiwa mpaka viatu, ila walisema na wanalipa. Anayeficha, kesho atatokea mtu amlipie, kisha adai afunguliwe mlango. Huyo simpitishi."

Dada akafuta machozi kwa kiganja. Pembeni, mdogo wake aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni alikuwa akipangusa meza kwa bidii ambayo nyumba ile haikuwahi kuishuhudia.

"Mkopo ulichukuliwa Jumapili, saa nane mchana," afisa alisoma. "Ulikuwa wapi?"

"Jumapili zote huwa niko zamu. Kule simu haziruhusiwi, naiacha nyumbani."

Afisa akaacha kuandika. "Nyumbani na nani?"

Kitambaa kikasimama.

"Wewe, mpangusa meza. Imeshang'aa. Njoo."

Hapa msimulizi anaishiwa ujanja. Mpangusa meza ni mimi. Nilikopa likizo ya nyuma, nikanunue wigi linalofanana na nywele za matroni, nizunguke nalo bwenini nikitoa adhabu. Bweni zima lilifagia mara mbili. Kisha nikaifungia namba ya wadai, eti Dada asisumbuliwe. Namba yake ya siri haikunipa shida: ni mwaka niliozaliwa mimi.

"Dada, nisamehe."

Afisa akanisukumia karatasi tupu.

"Andika. Usitie chumvi."

Nikaanza kuandika, karatasi ikawa inateleza. Dada akanyoosha kidole chake, akaishikilia.