Mtumbwi wa Amri Mbili

Marthe hakula wala hakulala tangu baba yake, Papa Zacharie, mvuvi wa maporomoko, alipowapa yeye na mchumba wake Basile sharti lake. "Mukinishinda ku mashindano ya mitumbwi, bon, muoane," alisema. "Mukishindwa, Basile arudie kwao Isangi. Mutumbwi ya luga mbili itazunguka tu."

Ilikuwa Pasaka ya mwaka 1956, na mtumbwi wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa kioja. Upande wa kulia walisimama wavuvi wa maporomoko na Kiswahili chao. Kushoto alisimama Basile na wenzake na Kilingala chao. Wanaume watatu wenye vifua vipana walijaribu kuwapa amri, ndimi zikawagongana, mtumbwi ukapanda mchangani. Akabaki Marthe, aliyezoea kuuza samaki sokoni Makiso kwa lugha zote mbili: akisema moja, nyingine anaibana.

Wakafanya mazoezi mwezi mzima. Kulia "Mbele!", kushoto "Nsima!", yaani nyuma, kwa pumzi moja. Baada ya wiki mbili wapiga kasia wote walielewa lugha zote, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kila mmoja alilazimika kusikia amri, kuielewa, kisha kuiacha ipite kwa sababu si yake. Walikosea, wakacheka, wakaanguka majini. Mwishowe wakazoea.

Siku ya mashindano mitumbwi miwili ilifika pamoja kwenye mlingoti wa kugeukia. Papa Zacharie, aliyeongoza mtumbwi wa pili, akamwona Basile anakaribia kumpita, na ujanja ukamwingia. Akawageukia wale wa kulia wa Marthe, akapaza sauti: "Nyuma! Nyuma!"

Hawakupepesa hata jicho. Haikutoka kwa Marthe, na kwao ilikuwa amri nyingine tu isiyo yao.

Lakini wapiga kasia wa Papa Zacharie, watiifu maskini, hawakuwahi kusikia amri isiyo yao. Wakavuta nyuma kwa nguvu zote, wengine mapema, wengine kwa kuchelewa. Mtumbwi ukazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na mzee akaingia mtoni na kofia yake.

Mtumbwi wa Marthe ukafika mwisho peke yake, na ukingoni watu walicheka hadi wakashikana mabega. Papa Zacharie akatoka majini akichuruzika, akamtazama Basile, akamtazama binti yake, akashindwa kujizuia, naye akacheka.

"Alors," akasema, "harusi iko siku gani?"

Marthe akafungua kinywa kujibu, na lugha zote mbili zikatoka kwa pamoja, hata Basile hakuambulia neno.