Miguu Minne si Miwili

Usiku wa jana niliota nikiwa na hasira, na ndoto ya mwenye hasira haibishi hodi.

Hasira yenyewe ieleweke kwanza. Naitwa Sikudhani, fundi cherehani, nashonea barazani kwa marehemu Mzee Nandonde hapa Masasi. Mzee, Mungu amrehemu, alikuwa akituwekea mikanda ya video ya mieleka dirishani, nasi mafundi tukishona huku shingo zimegeuka. Baraza alitupa kwa neno moja tu: "Ni lenu maadamu cherehani zinazunguka."

Mwanawe, ambaye sote tunamwita Bosi, analitaka baraza aweke friji za soda. Ametutoa mmoja mmoja. Huyu alimwagiwa maji ya deki, yule alikuta kiti chake kimevunjwa, na Fundi Kasembe wa suruali, mzee wa watu, alitukanwa mbele ya wateja mpaka akafunga virago. Nimebaki mimi. Jana jioni Bosi alikuja akauchomoa mkanda wa cherehani yangu, ule wa ngozi unaozungusha gurudumu, akaufunga kiunoni mwake juu ya shati.

"Neno la baba liko palepale," akasema. "Kesho asubuhi nikikuta haizunguki, ondoka. Na bingwa ni mimi. Huoni nimevaa mkanda?"

Watu walicheka. Mkanda wa cherehani kuukuu kama yangu haupatikani hapa mjini, ni mpaka uuagize Mtwara, na yeye alilijua hilo. Nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza. Ndilo nililolala nalo, na lilikataa kushuka.

Basi naota. Niko barazani, ila baraza limekuwa ulingo wa mieleka. Nguzo zake ni zilezile nne, na zile kamba tatu za kuanikia nguo za wateja zimezunguka pande zote. Nguo bado zimeanikwa, ndizo watazamaji. Mwamuzi ni lile sanamu langu la kupimia magauni, ambalo halina kichwa. Nilifurahi kumwona. Asiye na kichwa hana jicho la kukonyezwa.

Mafundi wote, waliotolewa na mimi niliyebaki, tumo ulingoni. Pasi ya mkaa nayo imo, haikualikwa, inafuka moshi.

Kamba ya juu inakohoa. "Nitawasimulia historia ya mchezo huu," inasema. "Ulianza msibani. Watu ishirini waliwekewa sinia moja la ubwabwa. Anayeinuka, ametoka. Aliyebaki wa mwisho alikula mpaka ukoko, wakamwita bingwa."

"Hizo ni kamba," inasema kamba ya chini.

"Sisi sote ni kamba."

"Lakini wewe unawapiga watu kamba. Sikilizeni sheria kwangu, mimi nakaa karibu na ardhi. Mnaingia wengi, anabaki mmoja. Kulazwa chali si kitu. Unatoka kwa kurushwa juu ya kamba ya juu na miguu yako yote miwili ikagusa chini. Mmoja hautoshi. Ukipenya katikati yetu, au ukipita hapa chini yangu, hujatoka, umetembea tu."

"Na historia ya kweli?" nikauliza.

"Historia ya kweli ni fupi. Mwenye mkanda husimama pembeni, wengine wakatoana wao kwa wao."

Nikageuka. Bosi alikuwa amesimama pembeni, soda mkononi, mkanda wangu kiunoni.

Muuza aiskrimu anapita barabarani na baiskeli yake, anapiga kengele. Pambano limeanza.

Tunashikana. Sijui kwa nini tunashikana sisi, lakini kengele ikilia watu hushikana. Mtu ananivuta kilemba, mimi nina kola ya mtu. Pasi inamkumba fundi wa sare za shule, anavuka kamba, miguu yake miwili inagusa chini, anaanza kutafuta wanafunzi. Wengine wanaikamata pasi kwa kitambaa kibichi na kuirusha nje. Sanamu linainama juu yake muda mrefu.

"Haina miguu," linatangaza. Sauti inatokea shingoni. "Asiye na miguu hawezi kutoka. Pasi bado imo."

Pasi ikabaki kule nje, chini, ikihesabiwa kuwa iko ndani.

Wanapungua. Nikijifuta jasho naona nimemkumbatia Fundi Kasembe kiunoni, tayari kumnyanyua.

"Shikamoo, fundi," nikasema. Ulingoni au si ulingoni, mkubwa ni mkubwa.

"Marahaba, mwanangu. Nirushe taratibu, mgongo unanisumbua."

"Sikurushi."

"Basi nitavuka mwenyewe. Mwenye nguvu mpishe."

Akavuka kamba ya juu kama mtu anayevuka mfereji. Akaweka mguu mmoja chini. Akanitazama kwanza, kisha akaweka wa pili. Kile alichokifanya kiliniuma kuliko kipigo chochote, na wala si yeye aliyeniudhi.

Nikaachana na mieleka. Nilikwenda kwenye cherehani yangu iliyokuwa katikati ya ulingo, nikakaa kitini, nikaweka miguu kwenye pedeli, kile chuma cha chini cha kukanyagia. Nikakanyaga. Haikuzunguka, haina mkanda. Nikaendelea kukanyaga.

"Unashona nini?" Bosi anauliza. Tumebaki wawili, na pasi.

"Nashona."

Bosi anaweka soda chini. Anatunyanyua sote pamoja, mimi, kiti na cherehani, na kuturusha juu ya kamba ya juu.

Safari ya hewani ilikuwa ndefu. Tulipita sebuleni kwa marehemu Mzee Nandonde. Yumo, amekaa na kanzu yake ya Ijumaa, anaangalia mkanda wa mieleka, na kwenye televisheni yake ni sisi tunapita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Miguu, Sikudhani!" Macho hayakubanduka kwenye televisheni. "Usishushe miguu!"

Tukatoka kupitia dirishani. Tukatua katikati ya uwanja wa shule, kishindo kikubwa, vumbi tele. Ulingo ulikuwa umetufuata, uko pale karibu na goli. Cherehani ilikuwa imesimama wima. Miguu yangu ilikuwa kwenye pedeli, yote miwili.

"Ametoka!" Bosi anapiga kelele kutoka ulingoni. "Miguu imegusa chini!"

"Ya nani?" linauliza sanamu.

"Ya cherehani!"

"Mingapi?"

"Minne, wewe huoni?"

"Sina macho," lilisema sanamu bila kinyongo. Likafikiri kwa kifua. "Sheria inasema miguu yote miwili. Hii ni minne. Minne si miwili. Sikudhani bado yumo."

Nguo zikapiga makofi kwa mikono yao.

"Na mimi sikuingia mchezoni," ikasema cherehani, ambayo miaka yote hiyo sikujua ina sauti ya kike. "Mimi niko kazini."

Bosi amewiva uso. "Shusha miguu! Hapo chini ni pa baba yangu!"

"Ndiyo maana sijapakanyaga," nikamjibu.

Ah, jibu lilivyokuwa tamu! Ningelilia kwa raha, ila nilikuwa na shughuli. Cherehani ilitembea kwa miguu yake minne, ikanibeba mpaka ulingoni. Kamba ya chini ikajiinua. "Pita, dada," ikasema, nami nikapita chini yake nimeinamisha kichwa. Ndani ya ulingo ruhusa kukanyaga, basi nikashuka, futi yangu ya kupimia ikiwa shingoni.

Bosi ananijia na mikono ya kunikaba.

Nikashika futi kwa vidole viwili. "Nyanyua mikono, Bosi, nikupime."

Akanyanyua. Simlaumu. Hakuna mtu, hata awe jabali, ambaye fundi akimwendea na futi hanyanyui mikono. Wengine huvuta na tumbo ndani. Yeye alilivuta.

"Unapima nini?" anauliza, mikono juu.

"Kiuno."

Nikazungusha futi, nikapapasa mgongoni, nikakipata kile kipini. Mkanda ule ulikatika mwaka jana, nikauunga kwa kibanio changu cha nywele, kwa hiyo nakijua kwa vidole. Nikakifungua.

"Umechelewa," mkanda ukaniambia.

Suruali ya Bosi ikaanza safari ya kwenda chini. Akaikamata kwa mikono miwili, na mtu mwenye mikono miwili kwenye suruali hana mkono wa kupigania.

"Mkanda wa kazi hauvaliwi kiunoni!" nikamwambia. Lilikuwa lile jibu nililolimeza jana, limetoka zima. "Unafungwa kwenye gurudumu, watu wapate kula!"

Nikamkumba kwa bega. Akavuka kamba ya juu kichwa mbele, nguo za wateja zikampisha.

Lakini Bosi naye ni mtoto wa Mzee Nandonde, mieleka ameiona. Alitua kwa mguu mmoja. Mwingine aliukunja juu, akasimama vile kama kuku wa mvua, suruali mkononi, anaanza kurukaruka kurudi ulingoni.

"Mguu mmoja," sanamu likatangaza. "Bado yumo."

Hapo nilimwona Fundi Kasembe. Alikuwa kule nje alikojitoa mwenyewe, amepiga magoti, pini zimejaa mdomoni.

"Bosi," akasema kwa upole wake wa siku zote, "suruali hii imekuzidi urefu. Simama vizuri nikupindie."

Na Bosi akasimama vizuri, kama anavyosimama kila anayepindiwa suruali, miguu yote miwili chini, sambamba.

Kengele ikalia.

"Na mimi?" ikauliza pasi kutoka kule chini. "Mimi bado nimo."

"Unataka baraza?" nikaiuliza.

"Nataka mkaa."

"Utapata."

"Basi nimetoka," ikasema, ikapoa.

Fundi Kasembe akatema pini moja moja kiganjani. "Mwanangu," akasema, "yule mwenye nguvu niliyempisha, yuko wapi?" Sote wawili tukaangalia huku na huku. Hatukumwona.

Nikaamka. Kumekucha. Nilikuwa nimelala ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili imening'inia hewani, imekufa ganzi kwa kukataa kugusa sakafu. Kitu kilikuwa kinanibana kiunoni, juu ya kanga. Nikapapasa. Ngozi, inanuka mafuta ya cherehani. Mgongoni, kipini cha kibanio changu cha nywele.

Sikumwuliza mtu. Nilikwenda barazani, nikaufunga mkanda kwenye gurudumu, nikakaa, nikakanyaga. Cherehani ikazunguka, haikusema lolote. Nilimtuma mtu mtaa wa pili kwa Fundi Kasembe, aambiwe kiti chake kipo.

Bosi alifika jua likiwa limeshapanda. Alitembea polepole, ameishika suruali kwa mkono mmoja. Akapanda barazani, akalitazama gurudumu linavyokwenda mbio.

"Huo mkanda umeupata wapi?"

Sikuacha kukanyaga. Nilishusha futi shingoni, nikaishika kwa vidole viwili.

"Nyanyua mikono, Bosi, nikupime."

Mikono ikaanza kupanda yenyewe. Ikafika kifuani, akashtuka, akaikamata tena suruali kwa yote miwili. Akanitazama uso umemwiva. Akarudi nyuma, akashusha mguu mmoja kutoka barazani mpaka chini barabarani. Akasimama hivyo kidogo.

Kisha akashusha wa pili, na muuza aiskrimu aliyekuwa anapita akapiga kengele.