Goti Lililosingiziwa

Fundi cherehani aliingia kwa daktari wa mifupa akichechemea, mkono begani kwa mkwe wake, mke wa mwanawe. Goti la kulia lilimuuma kila alipokanyaga pedali, na majirani walikwishakata shauri: goti likipasuliwa, cherehani iuzwe. Hilo la kuuza ndilo lililomkosesha raha. Kushona ndiko kulikomwamsha asubuhi.

"Mhalifu ndiye huyu," alisema, akilipiga goti kofi.

Daktari, binti wa umri wa mjukuu wake, alisugua viganja vipate joto kabla ya kumgusa. Fundi aliliona hilo, akampenda papo hapo. Binti akalikunja goti, akalinyoosha. Kisha akaushika mguu mzima, akauzungusha taratibu kutokea pajani.

"Yalaa!"

"Umesikia wapi, bibi?"

"Gotini! Lakini mbona goti hukuligusa?"

"Linasingiziwa, maskini. Inayouma ni nyonga, maumivu yanateremka."

Mkwe alijishika mdomo. "Mama! Na mimi nimelichua goti kila jioni, mafuta chupa kwa chupa!"

"Nyamaza, mwanangu. Usingizi wote niliopata umetoka kwenye mikono hiyo."

Picha ya eksirei ilionyesha wazi: gegedu, ule utando laini wa kuteleza kati ya mfupa na mfupa, lilikuwa limelika.

"Njia si moja," daktari alisema. "Dawa na mazoezi umeshajaribu, yamegota. Kijana mwenye nyonga iliyokaa vibaya huweza kukatwa mfupa ukapangwa upya. Kwako wewe, naona tubadilishe kiungo chenyewe."

Akatoa sampuli ya kiungo bandia mtotoni mwa meza: kikombe, na tufe lililokaa juu ya chuma kama msumari mnene. Fundi akavaa miwani. Akalizungusha tufe ndani ya kikombe, likateleza bila kukwaruza. Akalizungusha tena.

"Kinashikwa na nini? Uzi?"

"Kingine hukazwa, mfupa wenyewe ukakikumbatia. Kingine hugandishwa kwa saruji maalumu."

"Saruji! Mkwe, nitakuwa nyumba ya ghorofa."

"Basi mama, chumba cha mbele changu."

Walipokwisha kucheka, fundi aliiweka sampuli mezani. "Sasa niambie kweli, mjukuu wangu. Cherehani nitakanyaga?"

Daktari hakukurupuka. Alivuta kiti. "Nionyeshe unavyokaa."

Fundi akakaa, akaanza kukanyaga pedali isiyokuwapo. Binti akapiga magoti sakafuni, bila kujali koti lake jeupe, akalitazama paja.

"Nyumbani unakalia nini?"

"Kigoda kifupi."

"Hicho ukiage. Tafuta kiti kirefu, goti lisipande juu ya nyonga. Upone, ufanye mazoezi, ndipo urudi kazini polepole. Siapi, bibi. Damu inaweza kuganda, vijidudu vinaweza kuingia, kiungo kinaweza kuchomoka. Ila wengi wenye kazi kama yako hurudi."

Fundi alivua miwani. Angeambiwa "usijali", angekwenda zake nyumbani. Lakini huyu alikuwa bado yuko sakafuni, akingoja jibu.

"Nipangie siku," akasema.

Daktari akainuka, akajipangusa magoti. "Una swali jingine?"

"Ninalo. Hicho kiungo cha zamani mkikitoa, mtanionyesha? Nimeishi nacho maisha yote na hatujawahi kuonana."