Neno la Baada ya Mama

…na brashi imeshachovywa, nyekundu imejaa mpaka nchani, MAMA imeshaandikwa na imetulia ubaoni, A ya mwisho imenyooka hata rula ingeona haya, limebaki neno moja tu na mkono umegoma, umegoma kabisa, mkono huo huo ulioandika vibao vya watu mtaa kwa mtaa, vinyozi, gereji, shule, hata ukuta wa ile wodi ya wazazi alioumaliza huku ameziba masikio kwa pamba asisikie vichanga, leo umefika kwenye bango lake mwenyewe, karakana yake mwenyewe, ndiyo umegoma, na chini pale binti yake ameshikilia ngazi kwa mikono miwili na mdomo, maana mdomo ule haujawahi kupumzika, "Mama, rangi itakukaukia kwenye brashi," ndiyo sababu akaitwa Bosi tangu anatambaa, alikuwa akinyoosha kidole nyumba nzima inahama, na mtaa nao ukamwita yeye Mama Bosi, jina zuri, hana ugomvi nalo, chaki imeshalichora pale, herufi nne zimepimwa zikapimika, ni kujaza tu… "Wifi, mbona umeganda huko juu, umeona mchumba?" huyo ni dada wa mume wake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatania na kujichekea mwenyewe, wifi mwema, ndiye aliyemwogesha siku zile za uzazi wake wa kwanza, alipokuwa hawezi kuinua mkono, na ndiye aliyesema "usimwangalie, utamwota," na muuguzi akaitikia, wote wawili kwa huruma tupu, analijua hilo, lakini yeye akasema nileteeni, akarudia kwa sauti asiyoijua kama anayo, nileteeni mwanangu, wakamleta, na hapo alishinda, watu hawajui kuwa siku ile kuna kitu alikishinda, alimpakata, mzito, mzito kweli, kucha zimetimia, nywele zimelala, paji la uso ni la baba yake lile lile, mtoto mzuri ajabu, na chumba kizima kikasubiri alie, naye hakulia… hakuna aliyesema hongera, walisema pole, walisema utapata mwingine, mmoja akathubutu kumwambia kuzaa si kazi, kazi kulea, mwongo mkubwa, kuzaa kulikuwa kazi, aliifanya usiku kucha mpaka jua likatoka na hakuacha hata kipande, kulea ndiko alikonyimwa, na maziwa yakaja tu, nani angeyaambia yasije, akayafunga kwa kitambaa na kulia chooni, na maumivu yale anayaonea fahari mpaka leo, ndiyo, fahari, kwa nini isiwe fahari, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi na yeye ni mzazi, tangu siku ile, si tangu Bosi… "Mama!" …naam, Bosi, alipozaliwa Bosi wakasema basi, kidonda kimepona, kumbe ndiyo kwanza, ndipo alipoanza kumwekea mtoto kidole chini ya pua kupima pumzi, akilala anapima, akisinzia anapima, Bosi yuko darasa la pili mama yake bado anapima, hali, halali, akisikia kichanga dukani anaacha vitu juu ya kaunta na kukimbia, watu wakasema anazidisha, bado tu, mpaka siku alipojipeleka mwenyewe, hakupelekwa na mtu, kwa daktari na kisha kwa mshauri, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, akamwambia haya ni maradhi, mwenzangu, si udhaifu, yanatibika, na ukiweza, mtaje, naye akamtaja, mle chumbani, mlango umefungwa, nje hajawahi, na bado huzama, mwaka huu huu amezama akalala ameutazama ukuta, kisha akanawa uso, akakoroga rangi, akaenda kupaka gereji ya watu, na hakuna aliyempigia makofi, basi leo anajipigia mwenyewe… Kishindo, ndivyo alivyomtaja, mume wake ndiye aliyetoa jina, alimwekea kikombe cha chai juu ya tumbo, teke moja, chai yote mapajani, "huyu anakuja kwa kishindo," wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta, na baada ya hospitali mume hakulitamka tena, naye hamlaumu, kila mtu na pa kufichia chake, ila Bosi, Bosi hajui, Bosi anajisifu kila siku kuwa yeye ndiye kifungua mimba, yeye ndiye aliyewafundisha hawa wawili kuwa wazazi, unawezaje kumfuta mtoto aliye hai, aliyekushikia ngazi, ukampa nafasi yake asiyekuwepo, si ni kumnyang'anya, si ndilo hasa lililomgandisha mkono… lakini Bosi ana mtaa mzima unaomwita mama yake kwa jina lake, hata hili bango halimwongezei kitu, Kishindo ana mtu mmoja tu duniani wa kumtaja, na huyo mtu anaogopa nini, amelipata wapi hilo la kumwonea haya mtoto mzuri kama yule…

"Nipe kitambaa," akasema.

"Umekosea?"

"Sijakosea. Nipe."

Akaifuta chaki, herufi zote nne, brashi bado mkono wa pili, bado imejaa.

"Makubwa haya," wifi akasema.

"Naandika Mama Kishindo."

"Kishindo! Watu watadhani unauza spika," wifi akaangua kicheko, akainua macho, akaiona sura ya wifi yake, kicheko kikamfia mdomoni. Akashuka kwenye ndoo polepole, akasimama.

"Kishindo ni nani?" Bosi akauliza.

"Dada yako. Mkubwa wako. Nilimzaa kabla yako, hakuwahi kuvuta pumzi. Nilimpakata. Ni mzuri, Bosi, mzuri sana."

Bosi akaachia ngazi mkono mmoja, akahesabu herufi kwa vidole huku ameutazama ubao.

"Lakini Mama… ulipima herufi nne. Hizo ni nane."

"Zitabanana," akasema fundi ambaye hajawahi kubananisha herufi ya mtu, akaipeleka brashi ubaoni.